Suruali Mbili na Orodha Moja

Mtaani walimwita Mama Dobi, na hata waliomjua kabla hajaanza kufua walikuwa wamesahau kwamba aliwahi kuitwa vingine. Alifulia uani kwake, kwenye mabeseni matatu: la sabuni, la kusuuza, na la mwisho lenye bluu kidogo kwa ajili ya mashati meupe. Miaka kumi na tisa sasa. Katika miaka hiyo aliunguza kola mbili na kupoteza soksi zisizo na idadi, lakini hakuna mteja aliyewahi kurudishiwa kitu cha mfukoni kikiwa kimelowa. Kabla nguo haijagusa maji aliipindua mifuko yote, mpaka ule mdogo wa saa ambao wanaume wenyewe hawajui kama wanao. Alichokikuta, iwe tiketi, kitufe au nusu ya peremende, alikitia kwenye kimfuko cha nailoni na kukifunga kwa uzi kwenye nguo ileile. Hakukisoma, hakukiulizia.

Jumanne ile alikosea.

Maji ya bomba yalikuwa yakikatwa saa nne asubuhi. Saa nne kasorobo alikuwa na suruali mbili za kijivu kwenye benchi, za kitambaa kimoja kilichojaa madukani mwaka ule. Moja ilikuwa ya Mtangazaji, aliyesoma habari kwenye redio kubwa na kukaa nyumba ya tatu kutoka kona. Nyingine ilikuwa ya kijana waliyemwita Mratibu, kwa sababu ndiye aliyeratibu kampeni za chama kilichoshika madaraka pale mtaani: vipaza sauti, misafara, fulana, na wazee wa kukaa viti vya mbele. Uchaguzi ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili.

Alizipindua suruali zote kwa pamoja, mkono huku, mkono kule, jirani akimpigia kelele juu ya ukuta kwamba bomba limeanza kukohoa. Katika mfuko mmojawapo ikatoka karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaitia kwenye aproni, akazitupa suruali kwenye beseni, akakimbilia ndoo. Alipotulia, maji yamekwisha na povu limesimama, akaikumbuka karatasi. Lakini ilitoka suruali ipi? Alisimama pale akiwa ameshika kiuno, akajaribu kuurudisha mkono wake nyuma kwa mawazo. Mkono ulirudi, ila suruali zilibaki kijivu.

Akaifungua ili ajue mwenyewe ni nani. Hilo tu, alijiambia. Shule aliishia darasa la tano, kwa hiyo alisoma kwa kidole, jina baada ya jina. Yalikuwa kumi na moja, kila moja na namba ya simu, na pembeni ama tiki ama duara. Hapakuwa na kichwa cha habari wala sahihi. La kwanza lilikuwa la fundi viatu wa pale njiapanda. La saba lilikuwa la binti yake mwenyewe.

Akaikunja haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mtu.

Habari ya fundi viatu aliijua. Wiki iliyopita wanaume wawili walikuja kwake na pikipiki, wakampa kiatu akishone. Wakamwambia kwa upole, "Fundi, wewe unapigia kura pale shuleni, mstari wa pili, sivyo? Foleni itakuwa ndefu, na miguu yako tunaijua. Siku ile pumzika." Kisha wakamtajia namba nne za mwisho za kadi yake ya kura. Alipofika nyumbani akaitoa kadi, akalinganisha. Ndizo.

Sasa Mama Dobi alianza kupiga hesabu zake. Kama karatasi ni ya Mratibu, basi hii ni orodha ya watu wa kutembelewa, na kumrudishia ni kumpa mwizi funguo. Kama ni ya Mtangazaji, ni ya nini? Mtu anayesema kila siku hewani kwamba hakuna aliyetishwa, anataka majina ya nini mfukoni? Anataka kuyasema, au anataka kuyapeleka mahali? Na binti yake ameingiaje humo?

Akafungua redio asikie dunia inasemaje. Kwenye redio kubwa alikuwa Mtangazaji mwenyewe, sauti kama mafuta ya nywele: "Madai kwamba wapigakura wanatishwa ni uvumi wa watu wasioitakia nchi mema. Mwenye ushahidi na aulete, wenye majina." Akazungusha kitufe mpaka redio ndogo. Huko mwanamke alikuwa akilia kabisa: mitaa mizima imehamwa, watu wanalala porini, na mtaa wao ukatajwa. Mama Dobi akapanda juu ya ndoo, akachungulia ukutani. Jirani alikuwa akimwogesha mtoto.

"Umehama?" akamuuliza.

"Nihamie wapi na kodi nimelipa?" jirani akajibu. "Shuka huko utavunjika mguu."

Akashuka. Mmoja anasema hakuna kitu, mwingine anasema tumekwisha kuhama. Yeye yuko uani kwake, ana karatasi kwenye aproni.

Usiku haukuwa umeingia bado binti yake aliporudi. Alifundisha watoto wa chekechea, na alikuwa mtu wa maneno machache, kama marehemu baba yake. Mama alimsubiri akae kwenye vyombo, mikono ikiwa kwenye maji, maana mtu mwenye mikono majini hakimbii maswali.

"Mwanangu, kuna mtu umempa jina lako?"

"Jina langu lipo kwenye ukuta wa darasa, mama. Kila mtu analo."

"Nauliza la mambo ya kura."

Binti akasuuza sahani ileile mara mbili. "Mama, usichokijua hutaulizwa. Na ukiulizwa, hutadanganya."

Kama alitaka kumtuliza mama yake, alimmwagia petroli. Mama Dobi hakumwonyesha karatasi. Aliogopa kwamba akimwonyesha, binti ataichukua na kwenda nayo mahali, na huko aendako ndiko kusikojulikana. Alichotaka yeye ni kimoja tu: jina la saba lisiwe mkononi mwa mtu yeyote.

Jumatano akapita kwa fundi viatu, kama anayepita tu.

"Shemeji, wale wageni wako walirudi?"

"Warudi wapi! Kiatu chao hiki hapa. Saizi arobaini na tano. Kimoja! Nani analeta kiatu kimoja kwa fundi?"

"Mwenye mguu mmoja."

"Walikuwa wawili na miguu minne, niliihesabu." Akacheka peke yake. "Kikulacho ki nguoni mwako, Mama Dobi. Wewe unayefua nguo za watu ndiye unayetujua. Hebu tuambie nani anatula."

Mama Dobi akahisi karatasi inamchoma tumboni. "Wewe ulimsimulia mtu mambo haya? Mbali na sisi majirani?"

Fundi akachukua misumari mitatu, akaibana kwa midomo, akaanza kugonga soli. Mwanamume mwenye misumari mdomoni huwezi kumdai jibu. Lakini alimtazama, na macho yalisema kuna kitu.

Alhamisi asubuhi, suruali bado ziko kambani, Mtangazaji akaja. Nje ya redio sauti yake ilikuwa ndogo, kama imeachwa kazini.

"Suruali bado haijapigwa pasi," Mama Dobi akamwambia.

"Sikufuata suruali, mama." Akatazama barabarani, akarudi. "Mfukoni hukukuta kitu? Kikaratasi tu. Pengine kilishafuliwa. Kama kilifuliwa, si neno."

Hilo lilimuuma. "Mimi sifui mifuko, mwanangu."

"Najua. Ndiyo maana nauliza."

"Kina nini hicho kikaratasi?"

"Majina. Mambo ya kazi."

"Majina ya watu wa kufanywaje?"

Mtangazaji akatabasamu kama anayeulizwa na mtoto wanatoka wapi watoto. "Mama, siku hizi jina la mtu ni mzigo. Ukikiona, nipe mwenyewe, mkononi. Usimpe mtu mwingine."

"Nitaangalia," akasema, na karatasi iko kwenye aproni, inchi moja tu kutoka mkono wake. Mtangazaji alipoondoka, Mama Dobi alijilaumu. Si ameshajua sasa kwamba ni yake? Lakini mbona alisema kama imefuliwa si neno? Mtu anatafuta kitu, au anatafuta kuhakikisha kwamba hakipo? Na kwa nini atazame barabarani? Alipiga pasi mashati matano siku ile bila kujua ameshapiga, akayapiga tena.

Jumamosi, siku ya kuchukua nguo, Mratibu akafika wa kwanza.

Tatizo la Mratibu ni kwamba alikuwa kijana mwema. Bomba lilipokufa mwezi mzima, ndiye aliyembebea ndoo kutoka kisimani, na hakuwa ametumwa. Binti alipozidiwa na homa, ndiye aliyeleta gari. Na sasa alisimama uani, kofia mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nguo zako hizi hapa, shati limegoma kutoka doa la chai, usiniseme."

"Doa ni langu, wewe huna kosa." Akapokea, akapapasa suruali ya kijivu, akaona hakuna kimfuko cha nailoni. "Mama yangu, kulikuwa na karatasi yangu humu."

"Karatasi gani?"

"Orodha. Majina kumi na moja."

Kumi na moja! Hakuwa amemwambia mtu. Mtangazaji alisema majina, idadi hakuitaja. Huyu ameitaja. Basi ni ya huyu. Lakini yule alijuaje kama kuna majina? Au wote wawili wana karatasi moja, mmoja anampa mwingine? Alijisikia kama mtu aliyeshika kamba ya nguo gizani bila kujua imefungwa wapi, huku wala kule.

"Sina hakika kama niliiona," akasema.

"Hebu angalia, mama, mimi sina haraka." Akaegemea ukuta, akatazama juu. Akasema kwa sauti ileile ya kubebea ndoo, "Mama yangu, siku ya kura jua litakuwa kali. Wewe na binti pumzikeni tu nyumbani. Maji nitawaletea mimi mwenyewe."

Alisema pumzikeni. Mama Dobi alilisikia neno lile likitua uani, akamkumbuka fundi na kiatu kimoja. Akamtazama kijana usoni. Kijana alikuwa akitabasamu, tabasamu lake la siku zote. Hakuona tofauti yoyote, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Ngoja nikuangalizie kwenye beseni," akasema.

Akapita nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, akachuchumaa. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye aproni. Akaizamisha karatasi kwenye sabuni, akaifikicha kama kola ya shati la fundi gari, kwa vifundo vya vidole, mpaka wino ukatoka na karatasi ikawa uji. Haikuchukua hata dakika moja. Akatoka na tonge jeupe kiganjani.

"Nisamehe mwanangu. Imefuliwa."

Mratibu alilitazama lile tonge, akamtazama yeye, akaangua kicheko. "Mama Dobi! Wewe? Umefua mfuko?"

"Uzee."

"Haya," akasema, akiwa bado anacheka. "Haya, mama yangu. Ajali kazini." Akachukua nguo zake akaenda, na mpaka anapinda kona Mama Dobi hakujua kama kile kicheko ni cha mtu aliyekosa kitu au aliyekipata.

Mchana akaja Mtangazaji. Akamwambia vilevile, imefuliwa.

"Yote?"

"Yote."

"Hakuna jina hata moja linalosomeka?"

"Hata herufi."

Mtangazaji akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. Mama Dobi alimsogelea kabisa amwone vizuri. Nafuu au majonzi? Pumzi haina maandishi. "Basi, mama," akasema. "Pengine ni heri." Akaondoka ameikumbatia suruali kifuani kama mtoto.

Alasiri binti yake akaingia, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne Mama Dobi alikuwa mwepesi. Akamweleza yote tangu mwanzo: suruali mbili, karatasi, jina la saba, na beseni. Alingoja aambiwe ahsante.

Binti akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mama," akasema, "umefanya nini?"

"Nimekuokoa."

"Ile orodha ni yangu mimi."

Ikawa zamu ya mama kutafuta pa kukaa. Binti akamwambia polepole. Redio iliposema wenye ushahidi waulete wenye majina, yeye alimwendea Mtangazaji akamuuliza kama wanasema kweli. Akasema kweli. Basi akawakusanya waliotembelewa na wale watu wa pikipiki, mmoja mmoja, baada ya masomo, kwenye viti vidogo vya watoto wa chekechea. Mtangazaji akaandika kwa mkono wake. Tiki ni waliokubali jina lisomwe hewani, duara ni waliosema lisisomwe. Fundi viatu alikuwa wa kwanza. Mtangazaji aliahidi ataisoma Ijumaa. Ijumaa ikapita. Akasema mkubwa wake anamzuia, anangoja nafasi. Jumanne iliyofuata ndiyo akapeleka suruali kufuliwa.

"Na wewe ulitembelewa?" mama akauliza. Katika yote hayo, ndilo alilolisikia.

"Shuleni. Mara mbili."

"Hukuniambia."

"Ungelala?"

Nguo zilikuwa zikidondosha maji kambani.

"Hivi alisahau kuitoa mfukoni," Mama Dobi akasema, "au aliileta nimfulie?"

"Sijui, mama. Watu wote wanajua hufui mifuko."

"Sasa kama alijua sifui, aliileta nimfichie?"

"Sijui."

"Na yule mwingine alijuaje ni kumi na moja?"

Hilo nalo binti hakulijua. Labda kuna mtu aliwahesabu wakiingia darasani. Labda Mtangazaji alimwambia, kwa hofu au kwa makubaliano. Labda kulikuwa na orodha mbili. Kila walipoligeuza, upande wa ndani ulikuwa sawa na wa nje.

Jumapili, habari za saa saba, Mtangazaji akasoma: "Kituo hiki kiliwaomba wenye ushahidi waulete, wenye majina. Mpaka tunaingia hewani, hakuna karatasi yoyote iliyofika chumba cha habari." Binti alisema sauti yake ilitetemeka. Mama alisema ni betri. Lakini alichokisikia vizuri ni kwamba mtu yule hakusema uongo. Karatasi haikufika, na aliyeizuia njiani ni yeye, kwa vidole vyake hivi. Akavua aproni.

"Twende kwa fundi," akasema. "Aambiwe na mimi mwenyewe."

Fundi viatu aliwasikiliza mpaka mwisho, nyundo ikiwa pajani.

"Sasa mimi nimo au simo?"

"Ulikuwamo, shemeji. Sasa humo."

"Na wao wanajua kwamba nilikuwamo?"

"Wanajua mlikuwa kumi na moja. Zaidi ya hapo sijui. Nisamehe. Niliogopa."

Fundi akajikuna kidevu. "Yaani nimeingia kwenye hatari, nimetolewa kwenye hatari, na sina habari. Nimekaa hapa nashona soli." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Niandikeni tena. Ila safari hii msimpe mwenye suruali."

"Nitaandika nakala tatu," binti akasema. "Moja kwa waangalizi wa uchaguzi, moja kwenye tume, moja tubaki nayo."

Wakazunguka mtaa mzima mchana ule, nyumba kwa nyumba, na kila mlangoni Mama Dobi alianza yeye: jina lako lilipita mikononi mwangu, nikalifua. Mwenye genge la mkaa aliwafungia mlango. Wawili walisema watafikiri, maana yake hapana. Bibi mmoja aliposikia redio ndogo imesema amehamia porini, alitaka kujua porini humo anapikia nini. Mpaka jua linateremka walikuwa wamepata saba kati ya kumi na moja, pamoja na binti mwenyewe.

Walirudi, binti akakaa mezani na karatasi safi, akapiga mistari kwa rula. Hii ilikuwa na maneno pia: siku, mahali, na kilichosemwa. Alipomaliza la saba akainua kalamu.

"Na wewe, mama?"

"Mimi nani amenitisha?"

"Mratibu alikwambia nini pale uani?"

Mama Dobi aliziona ndoo begani mwa kijana yule, aliliona gari lililompeleka mwanawe hospitali. "Labda alinionea huruma tu. Jua la siku hizi ni kali kweli. Tusimsingizie mtoto wa watu."

"Sitaandika kwamba alikutisha. Nitaandika alichosema, wengine wapime."

"Wakipima vibaya je?"

"Sijui, mama."

Mama akatazama mlango, kisha karatasi, kisha mkono wa mwanawe ulioshika kalamu. Jina la binti lilikuwa pale tena, la saba, na nafasi chini yake ilikuwa tupu. Akavuta kiti karibu. Akasema polepole, neno kwa neno, kama anayehesabu nguo za mteja, na binti akaandika: Siku ya kura jua litakuwa kali. Wewe na binti pumzikeni tu nyumbani. Mama akafuata na kidole chake, akisoma, midomo ikitembea.

"Hapana," akasema. "Umeruka. Alianza na 'mama yangu'. Iandike na hiyo."